Bastola Ilikwama, Kosa Likawa Langu

Mimi ni muuza nafaka. Mahindi, maharagwe, ndengu kidogo. Godauni langu liko upande wa barabara ya Njoro hapa Nakuru, na yeyote aliyewahi kupakua lori la mahindi makavu analijua vumbi lake: jepesi, la manjano, linaingia kwenye nywele, kwenye simu, hata kwenye chai iliyofunikwa. Nilichelewa sana kujua kwamba linaingia pia kwenye bastola.

Leseni nilipata 2017, mwaka mmoja baada ya majambazi kunikuta jioni nikihesabu pesa za wakulima. Hayo sitayarudia hapa. Ninachoandika leo ni majibu ya simu ninazopigiwa na wafanyabiashara wenzangu, wengi wao wanaume, wakishajua kwamba ninamiliki silaha. Swali ni lile lile: "Mama, nichukue Glock ama Ceska?" Wanalibishania kama mechi ya Gor na Ingwe. Mimi nami huwauliza swali langu, na huwa haliwapendezi: magazini zako, vile visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye mpini, zina alama gani?

Haya yote yanamhusu mtu ambaye tayari ana cheti chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Kama huna, bastola haikuhusu, hata ya kushika upigwe picha. Na ukikipata usidhani umemaliza. Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru sisi wenye leseni tupigwe msasa upya, kila mtu na karatasi zake kwenye bahasha, na wako waliorudi nyumbani mikono mitupu. Sikuwahurumia wote. Mtu anayeweka bastola juu ya meza ya baa kando ya nyama choma hana haja ya ushauri wangu, ana haja ya kunyang'anywa.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe.

Duka la kwanza nililoingia, muuzaji alinitazama mikono kabla ya kunitazama usoni, akaniletea kibastola kidogo cha kutoshea kiganjani. "Hii ndiyo ya akina mama." Nilijaribu kukikoki, yaani kuvuta ile sehemu ya juu nyuma ili kiwe tayari kupiga, nikashindwa. Nilivuta kwa vidole viwili, nikavuta kwa vitatu, ukucha ukakatika. Nikatoka pale nikiamini kwamba mkono wangu, uliobeba magunia tangu nikiwa msichana, ni mdhaifu.

Ni mwalimu wetu wa renji, uwanja wa kujifunzia shabaha, askari mstaafu ambaye sote tunamwita Afande, aliyenieleza. Bastola ya aina hii hujikoki yenyewe kwa nguvu ya risasi. Ukifyatua, slaidi, yaani kile chuma cha juu, hurudi nyuma, ikatupa ganda lililotumika, kisha springi ikairudisha mbele na kuingiza risasi nyingine kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Slaidi ikiwa ndogo na nyepesi, na nafasi ya kurudi nyuma ikiwa fupi, springi lazima iwe ngumu ili iizuie. Ndiyo maana kibastola kidogo ni kigumu kukoki kuliko kikubwa, na tena hupiga teke kali zaidi kwa sababu hakina uzito wa kulimeza lile teke. Kwa hiyo dada yangu, ukiletewa "ya akina mama", mshukuru muuzaji kisha umwombe ile iliyo kando yake.

Kukoki nako kuna namna. Usinyooshe mikono mbele ukabana slaidi kwa ncha za vidole kama anayetoa sindano kwenye kitambaa. Vuta bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea mbele kwenye shabaha wala si pembeni kwa jirani, kidole kiwe nje ya triga, kile cha kufyatulia. Shika nyuma ya slaidi kwa kiganja kizima. Halafu mkono ulioshika kitako, yaani sehemu ya chini yenye mpini, usukume mbele wakati huo huo mwingine ukivuta nyuma. Ikifika mwisho, iachie. Iachie kabisa! Kosa nililofanya mwezi mzima ni kuisindikiza slaidi ikirudi, kana kwamba ni mlango wa chumba mtoto amelala. Inafika mbele bila nguvu, risasi inakaa nusu chembani, na unabaki na silaha iliyokaa kama iko tayari na haiko.

Mwishowe nilichukua Glock 19. Sina ushabiki nayo. Gaston Glock wa Austria alikuwa akitengeneza vyuma vya mapazia na visu kabla ya jeshi la nchi yake kuikubali bastola yake ya kwanza, namba 17, mwaka 1982, na mtu wa mapazia akitengeneza kitu hukitengeneza kiwe na vipande vichache. Hilo nililipenda. Hii yangu, 19, ilikuja baadaye, ni fupi kidogo, inabeba risasi 15 kwenye magazini, na kitako chake ni cha plastiki ngumu, kwa hiyo ni nyepesi kiunoni kwa mtu anayesimama kutwa nzima. Ubaya wake kwa mgeni ni kwamba haina sefti, yaani kizuizi cha usalama, ya kubonyeza kwa kidole gumba. Sefti yake ya nje ni kile kiulimi kilicho katikati ya triga, na nyingine zimo ndani. Triga ikisukumwa, na chochote kile, inapiga. Nitalirudia hili nikifika kwenye jaketi.

Shemeji yangu wa Kisumu ana Ceska. Tukikutana Krismasi tunabishana hadi dada yangu anatufukuza jikoni. Ceska yake ni CZ 75, mtindo ulioanza 1975 huko Uherský Brod, katika nchi iliyoitwa wakati huo Chekoslovakia, na hapa kwetu jina hilo limezoeleka kwenye taarifa za polisi hadi wengine wanadhani Ceska ni Kiswahili cha bastola. Ni chuma kitupu, karibu kilo moja kabla hujaijaza. Nimeipiga. Uzito wote ule unameza teke, inatulia mkononi kama pasi ya makaa, na risasi ya pili hadi ya kumi zinakwenda ninapotaka. Risasi ya kwanza ndiyo taabu. Nyundo, kile chuma cha nyuma kinachopigia risasi, ikiwa chini, triga ya kwanza ni ndefu na nzito, zinazofuata ni fupi na nyepesi, na mtu asiyezoea huvuta ile ya kwanza kwa nguvu hadi mtutu unainama. Ya kwanza ya shemeji huenda chini kushoto kila mara. Husema ni upepo wa ziwa.

Jambo jingine la Ceska: slaidi yake hupita ndani ya reli za kitako, si juu yake, kwa hiyo sehemu ya kushika ukikoki ni nyembamba. Shemeji husafirisha samaki kutoka Dunga. Mikono yake ikiwa na mafuta ya samaki, slaidi inamponyoka. Siku hizi hukaa na kitambaa kikavu kwenye gari.

Na kama ni CZ 75 ya kawaida isiyo na kidude cha kuishushia nyundo, usiwe shujaa wa kuishusha kwa kidole gumba huku risasi iko chembani ukibonyeza triga. Kidole kikiteleza imepiga. Afande ana shimo kwenye sakafu ya ofisi aliyofanyia kazi zamani linaloeleza hivyo, ingawa anasema lilikuwa la mwenzake.

Lakini nilitaka kusimulia ile Jumamosi.

Tulikuwa sita renjini. Nimesafisha bastola yangu usiku, nimeipaka mafuta, inang'aa. Risasi ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Ya tatu, ganda likasimama wima kwenye mlango wa slaidi kama bomba la moshi. Nikalitoa. Risasi mbili tena, na slaidi ikagoma kufunga. Nikaigonga nyuma kwa kiganja, ikafunga polepole, kwa uchovu, kama mlango wa matatu. Nikaanza kusema maneno kuhusu Glock ambayo sitayaandika.

Afande akanyoosha mkono. Akachomoa magazini, akafungua slaidi, akachungulia chembani, akaingiza kidole chemba kuhakikisha, akachungulia tena. Kisha akaifungua vipande juu ya kitambaa cheupe na kupitisha kidole kwenye reli. Kidole kikatoka na kitu cha rangi ya maziwa ya lala yaliyotiwa sukari guru.

"Mama, hii si bastola. Hii ni sufuria ya uji."

Wote wakacheka, nami nikacheka baadaye sana. Vumbi la mahindi na mafuta ya bunduki: nilikuwa nimepika uji kweli. Kila nilipoona vumbi niliongeza mafuta, na kila tone la mafuta likaita vumbi jipya. Tangu siku hiyo ninapaka kidogo mno. Tone moja kwenye kila pembe ya reli nne za kitako, moja kwenye mtutu pale slaidi inapousugua, moja pale triga inapokutana na vyuma vya ndani, kisha kitambaa kikavu kwa vyote. Njia ya pini ya kupigia, ndani ya slaidi, haipakwi kabisa. Mafuta yakikaa mle yanashika uchafu, na pini inapiga kama mtu aliyevaa glavu. Magazini pia ndani hazipakwi. Na kila Ijumaa jioni, kabla sijafunga vitabu, naifuta. Kwa mtu wa ofisini Milimani labda mara moja kwa mwezi inatosha. Kwa wa godauni, posho mill au saruji, haitoshi.

Kabla ya kufungua Glock, ni lazima ubonyeze triga. Ndivyo ilivyoundwa. Kwa hiyo ukikosea kukagua chemba, unapiga ukuta wa chumba chako cha kulala. Mimi risasi zote huziacha chumba kingine kabisa, mlango ukiwa umefungwa, ndipo nakaa chini na kitambaa changu.

Kuna mzee mmoja kwenye kundi letu aliyezoea Browning ya zamani, ile Hi-Power ya 1935. Bastola ile ukichomoa magazini triga haifanyi kazi. Mzee akaishi miaka mingi akiamini kwamba bastola yoyote isiyo na magazini ni kipande cha chuma tu. Akabadilisha, akachukua Glock, na tunamshukuru Mungu kwamba siku alipojifunza tofauti alikuwa renjini na mtutu ukitazama tuta la udongo. Risasi iliyo chembani haijui kama magazini ipo.

Uji ulipoisha nilidhani nimepona. Miezi michache baadaye ikaanza tena: kila baada ya risasi mbili tatu, pua ya risasi inagonga chini ya chemba na kukwama pale. Bastola ni safi, risasi ni mpya. Nilikuwa karibu kuiuza. Afande akatoa kalamu ya rangi nyeupe mfukoni, ile ya kuandikia magurudumu, akazitia magazini zangu tatu namba chini: 1, 2, 3. "Piga, mama. Ikikwama uandike namba."

Ikakwama kwenye 2. Ikakwama tena kwenye 2. Kwenye 1 na 3, risasi 30 zikaenda bila neno.

Tukaziweka sambamba juani. Magazini huko juu ina midomo miwili inayoshika risasi isitoke kabla ya wakati wake, na inaamua pua ya risasi itazame juu kiasi gani. Mdomo wa kushoto wa namba 2 ulikuwa umepinda kidogo, labda unene wa ukucha. Ndipo nikakumbuka: iliniponyoka mfukoni nikishuka kwenye mizani, ikaanguka saruji, midomo chini. Niliipangusa nikairudisha, wala sikuiwaza tena. Karibu niuze bastola nzima kwa sababu ya kibati kilichopinda. Ndiyo maana huwauliza watu alama kwanza. Wengi wenye bastola "mbovu" hapa mjini wana magazini moja mbovu na hawajui ni ipi.

Wakati mwingine mbovu ni mkono wenyewe. Siku ya kujifunza kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake, bastola ilikwama mara tatu na magazini 1 na 3 zikiwa nzima. Kifundo cha mkono kikilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, na slaidi haipati kitu cha kukisukumia. Bastola nyepesi huona hilo zaidi. Kaza kifundo, usikaze vidole. Ukikaza vidole vyote, kile cha triga nacho kinatetemeka.

Ikikwama, Afande ametufunza tusichungulie kwanza. Piga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta slaidi, iachie. Ikigoma bado, huenda risasi mbili zinagombania chemba moja: funga slaidi nyuma, chomoa magazini, koki mara tatu hadi yote yadondoke, tia magazini nyingine. Tunafanya hivi kwa risasi za plastiki zisizo na baruti hadi mikono inajiendea. Mambo mawili tu ndiyo ya kusimama. Ukisikia "tiki" kisha kimya, mtutu ubaki kwenye tuta, uhesabu hadi 30, maana baruti inaweza kuwa imechelewa tu. Na ukisikia mlio mdogo, "pfu", bila teke, acha kabisa. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake unajitafutia hospitali.

Halafu kuna hili la risasi ambalo naona linatuhusu sisi Wakenya kuliko wengi. Risasi zetu ni ghali na zimehesabiwa kwenye cheti. Kwa hiyo tunazitunza kama mbegu. Jioni unatoa ile iliyo chembani, asubuhi unairudisha, na kwa kuwa huwa unaiweka juu ya magazini, ni ile ile moja inayokokiwa kila siku, mwezi baada ya mwezi. Kila inapogonga mdomo wa chemba, kichwa kinasukumwa kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na siku ukiifyatua msukumo unaweza kupanda kupita kiasi. Mimi niliitambua yangu kwa bahati, nilipozisimamisha mezani mstari mmoja kama watoto wa nasari na mmoja akaonekana mfupi. Sasa kila Jumapili nazisimamisha. Iliyopungua urefu haiendi chembani tena. Naiweka pembeni nimwonyeshe Afande.

Shemeji naye alinifundisha jingine bila kukusudia. Hewa ya Kisumu ina unyevu, na yeye alikuwa akiilaza Ceska yake usiku ndani ya ala yake ya ngozi, kwenye kasha. Ngozi inashika unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha zinakula shaba. Alipozitoa risasi za magazini ya akiba, iliyokuwa pia kwenye mfuko wa ngozi, zilikuwa na ukungu wa kijani kama sarafu ya kisimani, na kwenye slaidi, chini ya rangi, kutu imeanza kuchora ramani. Ala ni ya kubebea mchana. Usiku bastola ilale kwenye kasha la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, bila ngozi, na kile kipakiti cheupe cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Mimi nimewaagiza wauza viatu wote ninaowajua.

Kwenye mkoba siibebi. Najua akina dada wengi hufikiria hapo kwanza kwa sababu gauni halina mshipi. Mkoba hunyakuliwa, na bodaboda akishapita nao umempa mwizi silaha, kisha uende kituoni ukaeleze. Tena mkobani mna funguo, kalamu, vumbi la karanga. Nimeshona mshipi mgumu unaovaliwa chini ya blauzi pana, na ala ya plastiki ngumu inayofunika triga yote.

Na jaketi. Nakuru asubuhi kuna baridi, sote tunavaa zile jaketi zenye kamba chini ya pindo, ya kukazia, na kitufe cha plastiki mwishoni. Siku moja nikiirudisha bastola kwenye ala nikahisi kitu kinasukuma nyuma. Kidogo niisukume zaidi. Nikasita, nikainyanyua taratibu, nikaangalia: kile kitufe kilikuwa kimeingia ndani ya kinga ya triga, kimelalia triga yenyewe, na mtutu ukitazama paja langu. Nilikaa juu ya gunia la maharagwe dakika kumi nzima. Jioni nilichukua mkasi nikakata kamba za jaketi zote nyumbani, hata za watoto, nao hadi leo hawajanisamehe.

Siku hizi, nikirudisha bastola kwenye ala, naangalia kwa macho. Hakuna mtu aliyewahi kupewa zawadi kwa kuirudisha haraka.

Magazini namba 2 sikuitupa. Haibebi risasi ya kujilinda, lakini mara moja kwa mwezi Afande huijaza kinyemela na kunipa pamoja na zile nyingine, nami sijui ni zamu ya ipi mpaka bastola ikwame na yeye aanze kuhesabu sekunde kwa sauti. Mwezi uliopita alifika nne.